Fundi wa chukudu aliyepima kila kitu isipokuwa sakafu

Kwaruu. Kimya kidogo. Kwaruu.

Saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya mbao mtaani Ndosho, mjini Goma, sauti hiyo inamtangulia jogoo. Ni kipande cha chupa kinachokwaruza mti. Kakule Josias ameketi kwenye kigoda kando ya mbabula, jiko la makaa ambalo mkewe amekwisha kuliwasha, na juu ya mapaja yake amelaza ubao mrefu uliopinda. Kila akivuta kioo, unyoya mwembamba wa mti unaanguka miguuni pake.

Akimaliza upande mmoja anauinua ubao na kuupitisha shavuni, polepole, kama mtu anayemnusa mtoto mchanga.

"Vidole vimekuwa vigumu sababu ya tezo," anaeleza. "Havisikii tena. Shavu ndiyo inasikia."

Mkewe, Kaswera, anamwekea kikombe cha chai mahali ambapo hakitapigwa na kiwiko. Anamuuliza kama ndizi zake zimeiva. "Ndizi" ni jina ambalo Josias mwenyewe amezipa zile mbao mbili zilizopinda ambazo hufungwa chini ya kiti cha kubembea ili kiende mbele na nyuma.

Siku nyingine angecheka. Leo hacheki. Ifikapo mchana ndizi hizi zitakuwa chini ya kiti kilichoko mtaa wa Birere, na anayetaka kukaa juu ya kiti hicho ni Mama Bénita Munguakonkwa, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja. Jozi ya kwanza ilimtupa chini mbele ya watu wote wanaompenda.

"Ikimuangusha mara ya pili," anasema Josias, "sitashika muti tena. Hata wa kuni."

Josias ana miaka hamsini na minne. Kazi yake ni chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo hubeba viazi, makaa na mawe katika barabara za Goma. Alifika mjini akiwa kijana kutoka upande wa Butembo, na mali yake yote ilikuwa tezo moja, shoka dogo la kuchongea, aliyoifunga kiunoni kwa kamba.

Siku za mwanzo alikuwa akijibanza chini ya ukuta wa nyumba moja ya Birere. Mwenye nyumba alikuwa Mama Bénita, mjane kutoka upande wa Bukavu, aliyekuwa akiuza maharage. Alimwona kijana ananyeshewa, akamfungulia mlango wa ua. Akampa kona moja achonge humo, na hakumwomba kodi hata siku moja.

"Mvua ikianza nami niko mbali, alitoka na kitenge chake mwenyewe, akafunika mbao zangu," anakumbuka Josias. "Yeye akalowa. Mbao zikabaki kavu."

Baadaye Josias alioa, akahamia Ndosho, akafungua karakana nyuma ya nyumba. Katika miaka mizuri aliuza chukudu nne kwa mwezi, kila moja kwa dola mia moja hivi. Tangu barabara za kaskazini ziwe za wasiwasi, mizigo inayoshuka kutoka Kibati na ng'ambo yake imepungua. Sasa akiuza moja kwa mwezi, Kaswera anamshukuru Mungu. Majani ya lenga-lenga, mboga kama mchicha, anayouza Kaswera ndiyo hulisha nyumba.

Ndiyo maana Dorine, binti wa Mama Bénita, alipokuja na oda ya kiti, Josias aliona milango miwili inafunguka kwa pamoja. Angepata kazi mpya, na angepata njia ya kurudisha wema wa zamani.

Dorine ni karani katika ofisi ya kushughulikia mizigo ya forodha. Miguu ya mama yake ilikuwa imeanza kuvimba, na muuguzi alishauri isikae bila kuchezeshwa, hata akiwa ameketi. Dorine aliona picha ya kiti cha kubembea kwenye simu, kilichochongwa vizuri, mikono yake imelainika kama jiwe la mtoni. Akampelekea Josias picha hiyo.

Josias hakuwa amewahi kutengeneza kiti cha namna hiyo, wala kukikalia. Aliitazama picha kwa muda mrefu. Akaomba aonyeshwe chini ya kiti, lakini picha ilikuwa imepigwa kwa mbele.

Alianza kazi kwa njia anayoijua. Fundi wa chukudu hatumii sana futi. Chukudu ya mtu hupimwa kwa mtu mwenyewe, kwa urefu wa goti lake na upana wa kifua chake. Basi Josias alikwenda Birere na gunia la mchanga mweusi wa volkano, akaumwagia maji kidogo, akamwomba Mama Bénita aukalie. Alipoinuka, mchanga ulikuwa umeshika umbo lake, na Josias akalichukua umbo hilo kwa vijiti na uzi. Ndivyo alivyojua kiti kichimbwe wapi na kiachwe wapi.

Kwa ajili ya mikono ya kiti, aliomba bugali uliolala. Mama Bénita alishika donge moja kwa kila mkono, akalibana, na alama za vidole vyake zikabaki, ili Josias azichonge vilevile mtini. Alicheka hadi akakohoa. Aliwaambia majirani kwamba amepimwa na mafundi wa nguo na madaktari, lakini kupimwa kwa chakula, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kiti chenyewe Josias alikichonga kwa libuyu, mti mwekundu utokao upande wa Beni, aliokuwa ameuweka miaka mingi akingoja kazi ya maana. Miguu na ndizi alizichonga kwa mkaratusi, kama anavyofanya kwa chukudu. Alichukua zaidi ya miezi miwili.

Kisha akakijaribu, na hapo ndipo kosa lilipojificha.

Sakafu ya karakana ya Josias ni jiwe jeusi la volkano, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Ndosho. Limeinuka hapa, limezama pale. Katikati pana kibonde kidogo, kama sahani pana, na hapo ndipo Josias huweka kila kitu anachotaka kitulie. Kiti alikiweka humo. Alikikalia mwenyewe, kikambembeza. Akakaa Kaswera, kikambembeza. Akaweka gunia la viazi, likaenda mbele na nyuma kwa upole.

"Nilimwambia, tazama, hata viazi vinasinzia," anasema Kaswera. Sasa anapoyarudia maneno hayo anaziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

Hakuna aliyejua kwamba kibonde ndicho kilichokuwa kinakishika kiti, kama kiganja kinavyoshika yai. Ndizi zilikuwa na mviringo mno. Juu ya sakafu iliyo tambarare, hakukuwa na kitu cha kuzizuia.

Na sakafu ya Mama Bénita ilikuwa imebadilika. Josias aliikumbuka ile ya zamani, jiwe tupu lililokuwa karibu sawa na la kwake. Mwaka uliopita Dorine aliisawazisha kwa simenti, akaweka vigae vyeupe. Mara zote alizokwenda kupima, Josias alifanyia kazi uani, penye mchanga, wala hakuingia ndani.

Siku ya kupeleka kiti, alikifunga juu ya chukudu yake na kukisukuma kutoka Ndosho hadi Birere, na njiani watu walimuuliza bei. Kwa Mama Bénita palikuwa na juisi na mikate. Uwitonze, jirani anayeuza vitenge, alikuwa amefunga duka mapema ili ashuhudie.

Mama Bénita alikaa. Akaweka vidole vyake katika alama za vidole vyake mwenyewe. Alisema, "Aa, hii ni mikono yangu." Watu wakapiga makofi. Naye akaegemea nyuma.

Kiti kilikwenda nyuma, na hakikurudi.

"Tuliona, lakini macho yalikataa," anasema Uwitonze. "Nilisikia kichwa kikigonga kabati. Kiatu kimoja kiliruka, kikaanguka mezani katikati ya glasi. Hakuna mutu aliyesogea. Redio ya jirani iliendelea kuimba."

Josias anasema jambo ambalo bado linamwamsha usingizini. "Mikono yangu ilikuwa ingali inapiga makofi. Mama yuko chini, damu inatoka, na mimi ninapiga makofi. Ilichukua muda mikono ijue."

Njia ya Birere saa hiyo ilikuwa imejaa watu na bidhaa, na hakuna gari lililoweza kuingia. Mama Bénita alibebwa hadi hospitali juu ya chukudu ileile iliyoleta kiti, ameegemezwa kwenye mto, Uwitonze akimshika kichwa kwa kitenge kipya alichokitoa dukani bila kukitazama. Josias alisukuma. Wachuuzi waliinua meza zao kupisha. Mwanamume mmoja aliyekuwa akivuta mkokoteni wa maji aliuacha katikati ya njia, akaja kusukuma, kisha akaondoka bila kusema jina lake.

Njiani mgonjwa alifungua macho. Josias alidhani atasema sala. Lakini aliuliza kwa sauti ndogo, "Kiti kimevunjika?"

Hilo ndilo lililomvunja Josias. Alijibu kwamba kiko kizima, akazidi kusukuma.

Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika, na kichwani ilibidi ashonwe. Dorine, ambaye hakuwa amelia mbele ya watu, alirudi nyumbani, akakiburuta kiti hadi nje, akakiacha mvuani. Hafichi alichokitaka.

"Nilitaka kipasuliwe kuni," anasema. "Sina haya kusema hivyo. Niliona damu ya mama yangu juu ya sakafu ambayo mimi nililipia ili asianguke."

Usiku huo Uwitonze alikitoa kiti mvuani, akakiingiza dukani mwake na kukifunika. Hakumwambia mtu. Aliona tu, anasema, kwamba kitu kilichochongwa kwa alama za vidole vya mutu si cha kuachwa nje.

Huko Ndosho, Josias aliacha kuchonga. Tezo ilikaa ukutani. Alirudisha malipo yote ya Dorine, na mwenye oda ya chukudu akaenda kwa fundi mwingine. Kaswera anasema mumewe aliketi uani akitazama mikono yake kama watu wawili wasiofahamiana. Yeye mwenyewe, kila jioni baada ya soko, alikuwa akipeleka lenga-lenga Birere. Dorine alizipokea mlangoni. Hakumkaribisha ndani, lakini hakuzikataa.

Siku moja Uwitonze alimpigia simu Josias, akamwambia aje akione kiti chake. Josias alikwenda. Pale dukani, juu ya simenti iliyosawazishwa, alikigusa kiti kwa kidole kimoja. Kikalala nyuma, karibu kuanguka. Akakitoa nje hadi kwenye uchochoro wa mawe, akakiweka kwenye kibonde, akakigusa tena. Kikabembea kama mtoto mtiifu.

Aliketi chini palepale uchochoroni, watu wakimruka.

"Nilimupima mama wote," anasema. "Makalio, mugongo, vidole. Sakafu yake sikuipima. Niliona ya kwangu, nikafikiri dunia yote iko vile."

Uwitonze alikuwa na neno jingine. Mama Bénita alikuwa amemuulizia Josias mara nyingi, na Dorine hakulifikisha neno hilo.

Josias alipoingia chumbani kwa mgonjwa alipiga magoti, bakuli la mboga mikononi. Alikuwa amejiandaa kusikia laana. Mama Bénita, mkono ndani ya plasta ngumu nyeupe, alimtazama.

"Inuka, Kakule. Mimi si Bikira Maria."

Kisha akamuuliza kama amejua kosa liko wapi. Josias akamweleza habari ya kibonde. Dorine, aliyekuwa amesimama mlangoni, alingoja mama yake akasirike.

"Basi kwako hakuna sakafu," alisema Mama Bénita. "Kwangu iko. Leta vyombo vyako."

Dorine anasema alihisi kama amepigwa yeye. Alitoka, akaenda kusimama uani mpaka pumzi ikamrudia. Aliporudi alitoa sharti moja. Fundi anaweza kufanya kazi humo ndani, lakini siku kiti kitakapokwisha, wa kwanza kukikalia atakuwa yeye.

Kwa hiyo karakana ilihamia sebuleni. Josias alikuwa akija asubuhi na mfuko wake, anatandika gunia juu ya vigae, na mgonjwa analala kitandani mlango ukiwa wazi ili amwone. Hakumruhusu kushika msumeno kabla hajanywa chai.

Safari hii Josias hakuchonga ndizi kutoka gogo moja. Alipasua mkaratusi kuwa vipande vyembamba, akavipaka gundi, akavipinda pamoja juu ya kiolezo, na kuvikaza kwa vipande vya mipira ya ndani ya matairi, kama mafundi wa chukudu wanavyokaza magurudumu. Alizifanya ndefu zaidi kwa nyuma, na mviringo wake akaupunguza. Mwisho wa kila moja aliacha mkia ulionyooka kidogo, wa kukizuia kiti kisipitilize. Alijaribu kwa gunia la mchele, tena na tena, juu ya kigae kilekile kilichopata damu.

Kazi ilipokaribia kwisha alizichukua ndizi nyumbani kuzilainisha. Ndiyo kwaruu ya alfajiri ya leo.

Saa nne asubuhi ziko mahali pake, zimeshikwa imara kwa vigingi. Kaswera amekuja, ameacha mboga zake kwa jirani. Uwitonze yupo. Hakuna juisi safari hii. Josias amesimama nyuma ya kiti, mikono imenyooshwa, tayari kudaka.

"Ondoka hapo, Papa Josias," anasema Dorine. "Kama kinaanguka, nikijue."

Josias anarudi ukutani. Dorine anakaa. Anasukuma kwa miguu, mara ya kwanza kidogo, mara ya pili kwa nguvu, kama anayetaka kushinda kesi. Kiti kinakwenda nyuma, nyuma zaidi, na Uwitonze anafumba macho. Mikia inagusa vigae. Kiti kinasimama kitambo, kisha kinamrudisha mbele taratibu.

Anasukuma tena. Kinamrudisha. Anasukuma kwa hasira ya miezi yote hiyo, na kiti kinamrudisha vilevile. Halafu anaacha kusukuma. Kiti kinaendelea chenyewe. Dorine ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na chumba kizima kinatazama pembeni ili asione haya.

Anakaa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa jaribio.

"Dorine," inasema sauti ya kitandani. "Toka. Kiti ni changu."

Ni Kaswera anayecheka kwanza.

Mama Bénita anaongozwa na watu wawili, lakini akifika anawaambia wamwachie. Josias amegeukia ukuta. Hawezi kutazama. Anasikia vigae vikipokea uzito, anasikia mti, mbele, nyuma, mbele. Anangoja kishindo. Kishindo hakiji.

Anapogeuka, mkono wa kulia wa bibi uko katika alama zake. Wa kushoto, ambao plasta yake imetolewa juzi na bado umekonda, unatafuta zake, kidole kimoja kimoja.

Sasa Josias ana mpango. Anataka kumwaga simenti katika kona moja ya karakana yake, kipande cha ukubwa wa kitanda, kilicho tambarare kabisa. Uwitonze ameagiza kiti kwa ajili ya mama yake. Josias amemwambia ataanza kazi baada ya kwenda kuiona nyumba ya mama huyo, na akifika atavua viatu aisikie sakafu kwa nyayo.

Anafagia sebule hadi unyoya wa mwisho wa mti. Anakunja gunia, anaingiza msumeno, patasi na tezo katika mfuko. Mama Bénita anamtazama, akienda mbele na nyuma.

"Unabeba vyote?"

"Vyote, Mama. Kazi imeisha."

Kiti kinasimama. "Tezo iache hapa."

Josias anauliza ya nini, nyumba haina cha kuchonga tena.

"Iache tu. Utakuja kuifuata," anasema. "Na siku utakayoifuata, nitasema sijui niliiweka wapi. Utakuja tena, mutoto wangu."